Tuwape wanachuo swali kabla ya mtindo

Mwanachuo akiambiwa kwa mara ya kwanza asimame aseme maneno ya mfalme wa tanzia, hubadilika kabla hajafungua kinywa. Kidevu kinapanda, kifua kinatanuka, mkono wa kulia unanyooshwa mbele, na sauti inayotoka ni nzito, ya kuvuta maneno, sauti ambayo hajapata kuitumia kwa jambo lolote maishani mwake. Wenzake wanampigia makofi. Mkufunzi anamrekebisha mkono, pengine anamsogeza mguu, somo linaendelea. Hadi muhula unakwisha ameshapitishwa Ugiriki ya kale, Italia ya barakoa, Uingereza ya Shakespeare na Ufaransa ya Molière, na kila alipopita ameokota mkao mmoja na lafudhi moja. Mtihani anafaulu. Uigizaji wa klasiki wenyewe hajaugusa.

Ninalipenda somo hili kuliko masomo yote ya sanaa za maonyesho, ndiyo maana linaniuma kuona likifundishwa kinyumenyume. Tunaanza na mtindo, wakati mtindo ndio uliokuja mwisho. Waigizaji wa zamani hawakukaa kikao wakaazimia kuwa na mtindo fulani. Walikuwa na uwanja wa wazi chini ya jua la mchana, au ukumbi wenye taa moja ya mafuta. Walikuwa na barakoa usoni, au umati uliosimama miguuni pao, au siku chache mno za mazoezi. Wakatafuta namna ya kueleweka ndani ya mazingira hayo, na ile namna waliyoipata ndiyo leo tunaiita mtindo. Mwanachuo akiwekwa kwanza kwenye mazingira yale, mwili wake wenyewe unaanza kutafuta njia. Akipewa mkao kwanza, hana cha kutafuta, atanakili.

Chukua uwanja wa maonyesho wa Epidaurus, Ugiriki, ambao ulianza kujengwa karne ya nne kabla ya Kristo. Ulipokamilika uliweza kuchukua watu wapatao 14,000. Aliyeketi safu za juu haoni nyusi za mwigizaji wala midomo yake, na hata angeweza kuona, uso umefunikwa na barakoa. Kwa hiyo kila hisia lazima ihamie kwingine: kwenye uti wa mgongo, kwenye upande ambao kichwa kimeelekea, kwenye hatua, na zaidi ya yote kwenye sauti. Tanzia za Sophocles, mtunzi wa Athens, zilichezwa na waigizaji watatu waliogawana wahusika wote wenye kusema, pamoja na korasi, yaani kundi la kuimba na kucheza, ya watu 15. Mtu yule yule angeweza kutoka akiwa malkia akarudi akiwa mjumbe, na watazamaji wakamwamini mara zote mbili.

Hili ni swali halisi la kazi, na darasa linaweza kulijaribu bila gharama. Watoe wanafunzi nje. Mmoja avae barakoa isiyoonyesha hisia yoyote, wengine wakae mita 60 kutoka aliposimama, kisha aseme mistari kumi ya mjumbe anayeleta habari za msiba. Mara ya kwanza atapiga kelele, atapunga mikono, na hataeleweka. Mwache arudie bila kumwambia la kufanya. Baada ya muda ataanza kugundua kwamba akigeuza kichwa katikati ya sentensi, maneno yanapotea na macho ya watu yanahama. Atagundua kwamba ishara moja iliyofika mwisho wake ikatulia inaonekana kutoka mbali, na ishara tano za haraka zinamfanya aonekane kama mtu anayefukuza nyuki. Mwisho atasimama imara, ataupeleka uso mzima kwa wasikilizaji, atazungumza kwa pumzi ndefu. Ule utulivu mzito ambao vitabu huuhusisha na tanzia atakuwa ameufikia mwenyewe, na anajua kwa nini upo.

Mkufunzi mkweli atawaambia pia kwamba kuhusu uigizaji wa Wagiriki tunajua kidogo. Hakuna mwongozo wa mwigizaji wa enzi hizo uliotufikia. Tuna tamthilia zenyewe, tuna michoro kwenye vyungu, tuna magofu ya viwanja, tuna maelezo mafupi ya Aristotle, ambaye ndiye anayetuambia kwamba Aeschylus, mtunzi mwenzake Sophocles, aliongeza mwigizaji wa pili na Sophocles wa tatu. Mengine ni makisio ya watu wa baadaye. Viatu vya soli nene, ambavyo wanafunzi wengi huvalishwa ili wafanane na waigizaji wa Sophocles, vilikuja baada ya zama zake. Waigizaji wa karne ya tano kabla ya Kristo walivaa viatu laini. Sidai kwamba makisio hayana thamani. Mwanafunzi akielezwa wazi ni kipi kimethibitika na kipi kimebuniwa na waongozaji wa karne ya 20, atakuwa huru kubuni yake.

Sasa linganisha Epidaurus na jukwaa la Kudiyattam huko Kerala, kusini mwa India, ambako tamthilia za Kisanskrit bado zinachezwa kwa utaratibu uliopokezwa kizazi kwa kizazi, na ambako UNESCO iliutambua urithi huo mwaka 2001. Pale mbele ya mwigizaji huwekwa taa kubwa ya mafuta, na mwanga wake unaangukia uso. Hadhira iko karibu. Matokeo yake sanaa yote imehamia machoni. Wanafunzi wa Kudiyattam hufanyishwa mazoezi ya mboni, kope na nyusi kwa miaka, na mwigizaji aliyekomaa anaweza kueleza mlima, mto na mnyama kwa macho tu huku mwili umetulia. Nyuma ya sanaa hiyo kuna Natyashastra, kitabu cha kale cha nadharia ya maonyesho kinachonasibishwa na Bharata, kinachoorodhesha hali nane za hisia ambazo mtazamaji anapaswa kuonjeshwa, kuanzia mapenzi na kicheko hadi hofu na mshangao.

Weka mambo hayo mawili pamoja na utaona kwa nini nashikilia hoja yangu. Kwenye mabonde ya Ugiriki macho hayakuwa na kazi kabisa. Mbele ya taa ya Kerala ndiyo yamebeba hadithi nzima. Umbali na mwanga vina sehemu kubwa katika tofauti hiyo, kabla hujafika kwenye dini, lugha na falsafa, ambazo nazo zina sehemu yake. Mwanafunzi anayeelewa jambo hili anaweza kuingia ukumbi wowote duniani akauliza swali sahihi: watu wako wapi, na wananiona kwa mwanga gani?

Ndiyo maana vilevile sikubaliani na vyuo vinavyofundisha klasiki kana kwamba ni Ulaya peke yake. Kwa bahati mbaya, tunakimbilia kule ambako mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi ulishakatika, tunapita kando ya sehemu ambazo mnyororo bado upo. Noh, maonyesho ya kale ya barakoa ya Japani, ina maandishi ya Zeami, mwigizaji aliyefariki mwaka 1443, ambaye aliandika kwa kina jinsi mtoto anavyofundishwa, jinsi kijana anavyodanganywa na uzuri wa ujana wake, na jinsi mzee anavyocheza nguvu zikiwa zimepungua. Katika Noh barakoa ikiinuliwa kidogo mwanga unaijaza, uso unaonekana kuchangamka. Ikiinamishwa kidogo, kivuli kinaingia chini ya paji na uso ule ule wa mbao unahuzunika. Hayo ni maarifa ya kazi, yanayopimika, na wapo watu walio hai wanaoweza kuyafundisha.

Nimemweka Shakespeare baada ya hao makusudi, kwa sababu kwake tatizo lilikuwa jingine: muda. Kumbukumbu za biashara za Philip Henslowe, mmiliki wa kumbi za maonyesho London miaka ya 1590, zinaonyesha vikundi vikibadilisha tamthilia karibu kila siku. Mwigizaji hakupewa tamthilia nzima. Alipewa karatasi zenye maneno yake tu, na kabla ya kila zamu yake maneno machache ya mwisho ya yule anayemtangulia, ili ajue wakati wa kuingia. Karatasi za namna hiyo za Edward Alleyn, mwigizaji wa zama hizo, alipocheza Orlando katika tamthilia ya Orlando Furioso, zimehifadhiwa Dulwich College, London, hadi leo. Mtu huyu hakuwa na wiki sita za kukaa mezani na mwongozaji wakijadili utoto wa mhusika. Maelekezo aliyoyahitaji aliyakuta ndani ya maneno yenyewe, hasa ndani ya mizani.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa mizani ni nini. Aliyezoea mashairi ya vipande vya mizani nane anahisi pale kipande kinapopungukiwa au kuzidi, hata kama hakuhesabu kwa vidole. Mwigizaji wa London ya mwaka 1600 alikuwa na sikio la aina hiyo kwa mstari wa silabi kumi wenye mapigo matano. Mstari ukizidi, alijua kuna kitu. Ile hotuba maarufu ya Hamlet, ya kuwa au kutokuwa, mistari yake minne ya mwanzo kila mmoja una silabi 11. Silabi ya ziada, dhaifu, inaning'inia mwishoni, mstari baada ya mstari. Mwanafunzi anayeisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, akiufunga kila mstari kwa kishindo, anapigana na maneno yake mwenyewe, maana fikra za mtu huyo hazifungiki. Mwambie asome mistari ile akitembea, aisikie ile silabi ya mwisho kila mara ikikataa kutua, na hutahitaji kumhubiria juu ya mashaka ya Hamlet.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye Macbeth. Mauaji yamekwisha kufanyika, Macbeth anarudi na damu mikononi, mkewe anamngoja gizani. Mke anauliza: hukusema? Mume: lini? Mke: sasa hivi. Mume: niliposhuka? Kwa Kiingereza matamko hayo manne yakijumlishwa yanatoa silabi 11, yaani mstari mmoja wa kishairi uliogawanywa kati ya watu wawili. Wanachuo waliokulia kwenye sinema karibu wote hufanya jambo moja: baada ya kila tamko wanatazamana, wanapumua, wanaacha kimya kirefu cha woga. Waambie sasa waseme yote manne kama mstari mmoja, bila mwanya hata kidogo, kila mmoja akilidaka neno la mwenzake kabla halijaanguka. Kinachotokea kinashtua chumba kizima. Woga unatoka kwenye kasi. Ni watu wawili wanaozuia kimya kisiingie, kwa sababu kimya kikiingia watasikia walichokifanya.

Mizani peke yake haimalizi ubishi, na hilo nalo ni jambo la kufundisha. Chapa ya Macbeth ya mwaka 1623 iliyapanga matamko hayo kila moja kwenye mstari wake. Wahariri wa baadaye ndio waliozoea kuyaunganisha. Darasa lina haki ya kubishana iwapo mwanya unaruhusiwa. Ninachokataa ni mwanya unaoingia kwa mazoea, bila mwanafunzi kujua kuwa ameamua jambo.

Walioliona hili vizuri katika zama zetu ni watu wa Royal Shakespeare Company, iliyoanzishwa mwaka 1961. John Barton aliwazoeza waigizaji kutafuta maelekezo yaliyofichwa ndani ya maandishi, na Cicely Berry, mwalimu wa sauti, aliyapeleka maelekezo hayo mwilini. Zoezi lake moja ni jepesi mno: mwigizaji anatembea huku akisema maneno yake, na kila anapokuta alama ya uandishi anageuka aelekee upande mwingine. Kwenye hotuba tulivu atavuka chumba kabla ya kugeuka. Kwenye hotuba ya mtu aliyechanganyikiwa atazunguka papo hapo mpaka kichwa kimuume, na ataelewa hali ya mhusika kabla hajapata muda wa kuifikiria.

Commedia dell'arte, ile michezo ya vichekesho ya Italia ya barakoa, naipitia haraka, kwa sababu hoja ni ile ile na ushahidi wake uko wazi. Mkataba wa kikundi cha waigizaji wa kulipwa uliosainiwa Padova mwaka 1545 unatuonyesha watu waliofanya sanaa hii kama kazi ya kujipatia riziki. Hawakuwa na maandishi kamili. Walikuwa na muhtasari wa kisa, na kila mmoja alimcheza mhusika wa aina moja kwa miaka mingi mpaka akawa na akiba ya vichekesho, hotuba na mapigo ya mwili ya kuchomoa papo hapo. Mwigizaji wa kike Isabella Andreini alikuwa anavuta umati Italia wakati Uingereza wahusika wa kike walikuwa bado wanachezwa na wavulana, hali iliyoendelea hadi mwaka 1660. Mwendo wa Arlecchino, yule mtumishi mcheshi wa commedia, unaofundishwa kwa wiki mbili kutoka kwenye picha haumpi mwanafunzi hata chembe ya hayo. Heri apewe mhusika mmoja wa muhula mzima, na kila wiki asukumwe kwenye kisa kipya bila maandalizi.

Kuna ubishi mwingine unaoingia darasani bila kualikwa. Vyuo vingi huwaanzishia wanafunzi mwaka wa kwanza na mafunzo yaliyotokana na Konstantin Stanislavski, mmoja wa waasisi wa Moscow Art Theatre ya mwaka 1898. Kwa hiyo wanafika kwenye klasiki wakiwa na swali moja: mhusika anajisikiaje? Wakiambiwa wahesabu silabi wanaona wanageuzwa mashine. Ni malalamiko ya kweli na hayapaswi kupuuzwa. Lakini Stanislavski huyo huyo katika miaka yake ya mwisho alizidi kuwaelekeza waigizaji kwenye matendo ya mwili kama mlango wa kufikia hisia. Naye Denis Diderot, mwandishi wa Ufaransa, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1830, miaka mingi baada ya kifo chake, alidai kwamba mwigizaji bora ni yule asiyechukuliwa na hisia akiwa jukwaani. Darasani mgogoro huu huyeyuka upesi kuliko vitabuni. Mwanafunzi anayebeba sentensi ya mistari saba kwa pumzi moja, bila kuikata, anafika mwisho moyo unadunda na mbavu zinauma. Hana haja ya kwenda kuutafuta wasiwasi kwenye kumbukumbu za utotoni. Umeshamfikia.

Wapo wanaouliza, tena kwa haki, haya yote ya nini ikiwa kazi nyingi ziko kwenye filamu na tamthilia za televisheni, ambako kinasa sauti kiko sentimita chache kutoka kinywani. Sitajibu kwa kusema kwamba klasiki ni msingi wa kila kitu, kwa sababu wapo waigizaji wakubwa wa filamu ambao hawakuisoma. Nitajibu kwa Zeami. Alifundisha kwamba moyo ukisogea kwa kumi, mwili usogee kwa saba. Mwigizaji wa kamera anaishi kwa kanuni hiyo kila siku, ila mara nyingi amepata ile saba tu bila ile kumi, ndiyo maana uso wake umetulia na hauna kitu. Uwezo wa kushika wazo refu mpaka mwisho wake, kusikiliza neno la mwisho la mwenzako kwa sababu ndilo litakalokufungulia lako, kusimama bila kufanya lolote ukaonekana: haya hujengwa kwenye ukumbi mkubwa, na kupunguza ukubwa wake ni rahisi kuliko kuuanza upya. Tena kuna koo. Anayefundishwa kujaza ukumbi kwa pumzi na mwangwi wa mifupa ya uso hatapoteza sauti siku atakapotakiwa kupiga kelele mbele ya kamera mara kwa mara tangu asubuhi.

Jambo moja linanikera kuliko yote, nalo ni ile lafudhi ya kifahari. Mwanafunzi mwenye sauti yake nzuri, yenye mapigo ya mahali alikokulia, anaambiwa aiweke pembeni aseme kama bwana wa Kiingereza, eti ndiyo klasiki. Lafudhi ile ya kitabaka ilikuja kukomaa baada ya Shakespeare kuwa kaburini muda mrefu. Waigizaji wake hawakuisikia kamwe. Hakuna ushahidi wa kihistoria unaoitetea darasani, na inachomgharimu mwanafunzi ni kikubwa, kwa kuwa anafundishwa kwamba maneno makubwa si ya watu wa sauti yake. Uwazi wa konsonanti, ndiyo. Urefu wa pumzi, ndiyo. Sauti iwe yake.

Ningepewa kupanga somo hili, ningeweka mitindo miwili tu kwa muhula, mmoja wa umbali na mmoja wa ukaribu, ili tofauti yake ifanye kazi ya ualimu. Pale ambapo chuo hakina mtu aliyefunzwa Noh au Kudiyattam ningewaacha wanafunzi wasome na kutazama, nisiwafundishe kuiga ishara za macho ambazo wenyewe huanza kuzizoea utotoni. Mazoezi ya sauti yangefanyika bila kipaza sauti, na mwanafunzi mmoja aketi kiti cha mwisho kabisa, anyooshe mkono kila neno linapompotea. Mtihani ungefanywa kwa karatasi za namna ya Alleyn: kila mmoja na maneno yake tu na matatu ya mwisho ya anayemtangulia, mazoezi ya pamoja mara moja, kisha jukwaani mbele ya watu. Alama nyingi ziende kwenye kusikiliza, zinazofuata kwenye pumzi na uwazi wa maneno, na maleba yasipewe alama hata moja.